Watoto wa Ukutani

Jumapili, 16 Novemba 1997
Leo kanisani, baada ya komunio, katekista alisoma tangazo. Kwenye Klabu, lile jengo bovu la Wazungu wa mgodi, kumefunguliwa maonyesho ya picha za watoto waliopotezana na wazazi wao kwenye vita ya Burundi. Watoto wenyewe wako kambini Kigoma. Mwenye kutafuta mtoto aende akatazame.

Nilimtafuta Arcade kwa macho upande wa wanaume. Alikuwa ameshasimama, na misa bado haijaisha.

Nyumbani hakumaliza ugali. Sikumuuliza kitu. Nilipokubali anioe mwaka jana nilijua yote: kwamba aliletwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, akiwa mtoto, wakati wazazi wake walipokimbia vita ya kwanza, akakulia pale na kujifunza cherehani, kwamba alikuwa na mke, Médiatrice, na binti, Vestina. Mwaka tisini na tatu watu walisema kwao kumetulia, warudi. Médiatrice akatangulia na mtoto kwenda kuona shamba la baba yake, Arcade abaki amalizie nguo za watu kisha awafuate. Hakuwahi kuwafuata. Kulichafuka kabla hajafunga mzigo, na hakuna aliyewaona tena. Vestina alikuwa na miaka mitatu. Kama yupo, ana saba.

Mama yangu kule Usevya aliniambia, "Agatha, unaolewa na mtu anayesubiri." Nikamjibu kwamba ameshaacha kusubiri. Ndivyo nilivyoamini.

Jumatatu, 17 Novemba
Mvua. Darasa la tatu nimewabananisha upande mmoja kwa sababu ya kuvuja.

Jumanne, 18 Novemba
Tumekwenda Klabu baada ya mimi kutoka shule.

Sijawahi kuingia mle ndani. Tangu nihamie Majengo nimekuwa nikipita nje tu na kuona madirisha yasiyo na vioo. Wanasema zamani Wazungu wa mgodi walikuwa wakicheza dansi mle, kisha mgodi ulipofungwa likawa ghala la mahindi, kisha la mbolea, kisha la popo. Sakafu ni ya mbao, nusu imeliwa na mchwa. Wameweka kamba kuonyesha pa kukanyaga. Mabati yana kutu mpaka unaona mbingu. Kuta za mawe zimeota majani, na ule wa mashariki umetoka tumbo kama mjamzito.

Na kwenye kuta zote hizo, watoto.

Wametundikwa kwenye kamba za katani kwa vibanio vya nguo, kila picha ndani ya plastiki. Kila mtoto ameshika kibao chenye namba kifuani. Wengine wanacheka, nadhani kwa sababu mpiga picha aliwachekesha. Wengi hawacheki. Mlangoni wameandika MAONYESHO, kama tunakuja kutazama ng'ombe wa Nane Nane. Niliona aibu kuwapita wale watoto mmoja baada ya mwingine na kusema moyoni, si huyu, si huyu.

Msimamizi ni kijana Mfipa, anaitwa Leodgar, mpole, ana koti la shirika la wakimbizi linalompwaya. Alituamkia, akatuambia tusiharakishe.

Arcade hakuharakisha. Alikwenda akiwa ameweka mikono nyuma, anainama, anasogea. Kwenye ukuta wa mashariki akasimama, na hakusogea tena.

"Huyu," alisema.

Msichana amenyolewa kichwa, gauni la mistari, macho makubwa yasiyokuwa na habari na mtu. Chini wameandika: hajui jina lake wala la wazazi, alikutwa peke yake njiani, kambini anaitwa Kadogo.

"Tazama sikio, Agatha. La kushoto. Limejikunja juu. Ndivyo lilivyokuwa la mama yangu."

Nikatazama. Niliona sikio. Kama limejikunja au ni kivuli, sikuweza kusema. Nikasema, "Ndiyo, naona."

Leodgar aliandika maelezo ya Arcade, akampiga picha. Itapelekwa Kigoma kwa treni, mtoto aonyeshwe, kama anamfahamu atasema. "Usiweke moyo wote, kaka," alimwambia. Arcade akamshika mkono kwa mikono miwili na kumshukuru, kama vile hakusikia.

Jumamosi, 22 Novemba
Anakwenda kila siku. Anafunga cherehani saa za mchana, anakwenda kusimama mbele ya ukuta, anarudi. Sare za shule za watu zimelala mezani hazina mikono.

Jumatano, 26 Novemba
Amenunua kitanda kidogo cha kamba. Amekiweka chumba cha uani, bila kuniambia. Nimekitandika.

Jumamosi, 29 Novemba
Leo nilikwenda naye. Tulikuta mwanamke amekaa chini mbele ya ile picha, miguu ameinyoosha kama aliye nyumbani kwake. Mwembamba, kitenge kimefifia, tope mpaka magotini. Alikuwa akizungumza na picha kwa Kirundi, polepole.

Arcade alisimama nyuma yake. Mimi sikielewi Kirundi sana, ila uso wa Arcade niliuelewa.

"Mama," alimwambia kwa Kiswahili, "umekosea picha."

Yule mwanamke hakugeuka. "Sijakosea."

"Huyo ni binti yangu. Nimeshaandikisha."

Hapo akageuka. "Baba, huyu mimi nilimzaa. Nyie wanaume mnaweza kukosea. Mimi nilimshika mkono mpaka mtoni."

"Sikio lile ni la mama yangu!"

"Na hayo macho ni ya nani?"

Leodgar alikuja mbio, akaruka penye kamba, mbao ikalia chini yake. Alimwomba Arcade apunguze sauti kwa sababu ya watu wengine. Yule mwanamke anaitwa Spès. Amefikia Katumba kwa kaka yake. Wakati wa kukimbia, mpakani, walipigiwa risasi wakivuka mto. Alikuwa na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja amemshika mkono. Wa mgongoni alifika, wa mkono hakufika. Aliyasema hayo kwa Leodgar kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akikung'uta tope la kitenge.

Leodgar akamwandikisha naye. Akampiga picha yeye pia.

"Unawezaje kuandika watu wawili kwa mtoto mmoja?" Arcade aliuliza.

"Ningefanyaje, kaka?" Leodgar alijibu, na niliona kwamba anauliza kweli.

Njiani Arcade alisema yule mama amechanganyikiwa. Nami nikasema ndiyo, anaonekana hivyo.

Jumanne, 9 Desemba
Redio inasema mvua hizi zina jina, Elinino. Tuta la reli limesombwa. Treni iliyobeba picha za Arcade na Spès imesimama porini na haijulikani itatoka lini. Leodgar hana simu ya upepo. Ofisi yake iko Kigoma, naye yuko huku na popo.

Jumapili, 14 Desemba
Mvua.

Jumatatu, 15 Desemba
Mvua. Shule imefungwa. Arcade Klabu.

Alhamisi, 25 Desemba
Krismasi. Niliandaa wali na kuku wawili watatu tuliobakiza, wale wadogo. Tulikuwa hatujaanza kula, mlango ukabishwa. Spès. Amelowa mpaka meno yanagongana. Alikuja asubuhi kutazama picha akakuta Klabu imefungwa kwa sikukuu, na gari la kurudi Katumba limekwama. Mtu amemwonyesha nyumba ya fundi Mrundi. Hakujua ni nyumba ya nani.

Alipomwona Arcade alirudi nyuma kwenye mvua.

Arcade aliangalia sahani yake. Nikajua hatasema kitu, wala la kumkaribisha wala la kumfukuza. Basi nikasema mimi, "Dada, ingia, utaugua."

Nilimpa kitenge changu. Alikula kidogo sana, akashukuru sana. Kitanda ni kimoja tu cha ziada, kile kidogo cha kamba. Amelala hapo, miguu imening'inia nje.

Ijumaa, 26 Desemba
Mvua haikukatika, naye hakuondoka. Tulikaa barazani tunachambua mchele. Arcade alikuwa ndani na cherehani, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nadhani ili asikae nasi. Lakini mlango ulikuwa wazi.

Spès alinihadithia mtoto wake. Alikuwa akiitwa Générose. Hakupenda maharage, aliyatoa moja moja na kuyapanga pembeni. Aliogopa bata. Alikuwa na kovu la moto pajani, alilolipata alipomwagikiwa uji. Usiku hakulala mpaka ashike nywele za mama yake.

"Kwa hiyo nilikuwa sisuki," alisema, akacheka. "Nikisuka analia."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Nilipoingia kuchukua ungo nilimkuta Arcade ameshika kitambaa chini ya sindano, hashoni.

"Mimi sijui alikuwa hapendi nini," aliniambia. "Nilikuwa natoka hajaamka, narudi amelala. Namkumbuka amelala tu, Agatha. Na watoto waliolala wote wanafanana."

 Nilichukua ungo nikarudi barazani.

Jumatatu, 29 Desemba
Spès ameondoka na gari la mbao. Nimempa kitenge, asirudishe.

Jumatatu, 12 Januari 1998
Mashamba ya Mwamkulu yamezama. Baadhi ya watu wa huko wamehamishiwa shuleni kwetu. Darasa langu wanalala familia nyingi na mbuzi wao, nasi tunafundisha chini ya upenu.

Klabu inavuja kila mahali. Leodgar anahamisha picha kutoka ukuta hadi ukuta, akikimbia maji. Ameweka mabeseni, yanajaa kabla hajamwaga. Nilimsindikiza ofisi ya wilaya kuomba chumba kingine chochote. Afisa aliyetupokea alitusikiliza vizuri, hakuwa mtu mbaya. Alifungua dirisha akatuonyesha uwanja uliojaa watu wa Mwamkulu wamekaa juu ya magunia. "Hawa wanapumua," alisema. "Niwanyime chumba niweke picha?"

Tuliaga, tukatoka. Nje Leodgar alisema, "Na wale nao wanapumua," lakini alisema peke yake.

Ijumaa, 16 Januari
Maji yameingia kwenye plastiki. Baadhi ya nyuso zimeanza kutoka madoa ya kijani. Arcade anapeleka vitambaa vya kukaushia, mabaki ya nguo za wateja. Spès amekuja na kuondoka. Wanafuta picha wakiwa pande mbili za ukumbi, hawasemeshani.

Jumatano, 21 Januari
Ukuta wa mashariki umeanguka.

Nilikuwa nafundisha kujumlisha. Mlio ulikuja kama lori linamwaga mawe, ukaendelea, ukaendelea. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, ni Klabu." Sikumbuki nimewaachia nani. Nilikimbia. Nilikuwa najua Arcade yuko mle, kwa sababu kila siku yuko mle.

Ukuta ulikuwa umelala nje, na paa la upande ule limeufuata. Vumbi halikupanda kabisa kwa sababu ya mvua, mawe yalikuwa yamekaa tu kwenye tope, meusi. Arcade alikuwa amesimama barabarani, mzima. Alikuwa ametoka kwenda kumwaga beseni. Hicho tu. Leodgar alikuwa amekatwa na bati mikononi, anatokwa damu, na hataki kukaa chini.

"Watoto!" alikuwa akisema. "Nisaidieni watoto!"

Watu wa Majengo waliosikia hivyo walidhani kuna watoto kweli chini ya mawe. Wanaume walitupa baiskeli wakaanza kufukua kwa mikono, wanawake wanapiga kelele. Walipoanza kutoa picha, nilidhani wataacha. Wengine waliacha, mmoja akatukana. Lakini wengi waliendelea. Mzee Mabula, muuza mkaa, ambaye hana ndugu Burundi wala Kigoma, alikuwa akitoa picha moja moja, anaifuta kwenye shati lake, anampa mkewe aishike. Picha zilikuwa nyingi. Nyingine zimekunjwa, nyingine tope tupu, nyingine hazina kitu hata kidogo. Tulizipanga kwenye baraza ya duka la jirani. Mvua ilikuwa inanyesha.

Spès alikuwepo. Alikuja na gari la asubuhi. Yeye na Arcade walikuwa wanafukua sehemu moja, bega kwa bega, kwa sababu wote wanajua ilipokuwa imetundikwa. Nilijiunga nao. Mara Spès akavuta plastiki kutoka chini ya jiwe, na tukaona mistari ya lile gauni.

Plastiki ilikuwa imejaa tope kwa ndani. Spès aliifungua ili amfute. Picha ilikuwa imeshika kwenye plastiki, akaivuta polepole, kwa vidole viwili, kwa upendo kabisa. Ikaachia. Na uso ukabaki kwenye plastiki, kama ngozi ya maziwa, kisha ukatiririka na maji. Mkononi alibaki na gauni, kibao cha namba, na juu yake karatasi nyeupe.

Aliitazama. "Nimemfuta," alisema. Halafu akasema tena kwa sauti ya juu, akimwambia Arcade, kama anayesubiri kupigwa: "Nimemfuta!"

Nilidhani Arcade atampiga. Mungu anisamehe, niliwaza hivyo juu ya mume wangu. Aliichukua ile karatasi mkononi mwake, akaiweka ndani ya shati lake, kisha akamshika Spès mabegani akamwinua kutoka kwenye tope.

"Si wewe, dada," alimwambia. "Ni maji. Si wewe."

Leodgar alikuja na mikono yake imefungwa vitambaa. Akatueleza kwamba filamu ziko Kigoma, zitasafishwa nyingine. Namba ipo. Mtoto mwenyewe yupo, hajapatwa na kitu. Alieleza vizuri, na sisi wote tulielewa. Lakini jioni Arcade aliniambia, "Nilikuwa nikifumba macho namwona. Sasa naona ile nyeupe."

Alhamisi, 22 Januari
Mvua.

Jumanne, 10 Februari
Spès amehamia kwetu mpaka reli ifunguliwe, mtoto wake mwingine amemwacha Katumba kwa kaka yake. Sikumwuliza Arcade, wala yeye hakuniuliza. Analala chumba cha uani, anapika vizuri kuliko mimi. Majirani wanasema fundi ameoa wa pili. Waache waseme.

Nataka niandike jambo moja. Tangu Novemba nimekuwa nikiomba kwamba yule mtoto awe wa Spès. Sikumwombea Spès. Nilikuwa najiombea mimi, nibaki na mume ambaye hana mtu mwingine wa kumwangalia. Sasa Spès yuko jikoni kwangu, na naomba maneno yaleyale, nami sijui tena namwombea nani. Arcade anapita uani na uzi shingoni, amekonda, naomba awe wake. Mungu akinisikiliza atashindwa ashike lipi.

Ijumaa, 27 Februari
Leodgar amehama na picha zilizosalia, ziko chini ya kitanda chake kwenye chumba cha kupanga. Anayetaka kutazama anabisha hodi. Leo alikuja mzee kutoka Mishamo, akatazama zote amepiga magoti, akaondoka.

Jumatatu, 16 Machi
Treni imelia! Mji mzima umetoka nje.

Jumanne, 24 Machi
Leodgar amekuja na jibu. Alilisema akiwa amesimama, alikataa kiti.

Mtoto ameonyeshwa picha zote mbili. Ya Arcade na ya Spès. Amesema hawajui hawa watu. Wakamrudia siku nyingine, akasema vilevile.

"Alikuwa mdogo," Spès alisema haraka. "Atajuaje kwa picha? Na mimi nimekonda."

"Ndiyo, mama. Kwa hiyo mnaruhusiwa kwenda kuonana naye uso kwa uso. Wote wawili. Nimewaletea vibali."

Arcade alimwangalia Spès. "Twende pamoja," alisema.

"Twende, kaka."

Jumatano, 1 Aprili
Nimewasindikiza stesheni. Arcade amevaa suruali ya harusi yetu. Spès amesukwa, nimemsuka mimi jana, kisha asubuhi akafumua zote, nywele zikasimama hovyo. Nilielewa. Walikaa dirishani wamekabiliana. Treni ilipoanza kuondoka Arcade alitoa kichwa kutaka kuniambia kitu, na sikusikia.

Alhamisi, 2 Aprili
Mvua kidogo. Nimefua mashuka ya kile kitanda.

Jumapili, 5 Aprili
Jumapili ya Matawi. Sikuimba.

Jumatano, 8 Aprili
Wamerudi. Nilisimama stesheni nikiangalia miguu ya watu wanaoshuka, natafuta miguu midogo. Walishuka wawili.

Nyumbani niliwapa maji ya kuoga na chai. Spès aliongea kwanza.

Kadogo aliletwa na mwanamke anayeishi naye kambini. Alitembea kuja kwao, na Spès anasema alijua si wake kabla hajafika. Hata hivyo aliomba aone paja. Halikuwa na kovu lolote. Halafu Arcade akaomba kuona sikio. Mtoto mwenyewe aligeuza kichwa akampa, ni kama amezoea kukaguliwa. Sikio lilikuwa limenyooka. Kwenye picha kilikuwa kivuli.

"Kwa hiyo si wako," nilisema. "Wala si wako, dada."

"Si wetu," Arcade alisema.

Niliwamiminia chai tena.  Mimi niliyeomba miezi yote hii sikuwa nimewahi kuomba hivyo, na sikujua nishukuru nini.

"Alituuliza kama tumekuja kumchukua," Arcade aliendelea. "Tulitazamana na Spès. Nakuambia kweli, Agatha, ningemchukua. Spès naye angemchukua. Wale wa shirika walikuwa wamesimama pale, na sheria yao ni moja, mtoto anakwenda kwa wake. Nikamwambia hapana, tumekuja kukusalimu."

"Akasemaje?"

"Akasema sawa."

Spès aliinuka akaenda uani. Arcade alisubiri mpaka amefunga mlango.

"Alitusindikiza mpaka getini. Akatuuliza majina yetu, tukamtajia. Akayarudia mara kadhaa ili asiyasahau. Halafu akasema wenzake kambini wana watu waliokuja kuwatafuta, yeye alikuwa hana. Akasema, wakimwuliza sasa, atasema sisi tulikuja."